Kingston siku kwa siku: mji ambao watalii wengi huupita

Jumatano

Uwanja wa ndege wa Norman Manley umejengwa juu ya Palisadoes, ukanda mwembamba wa mchanga unaoikinga bandari ya Kingston, mji mkuu wa Jamaika, na bahari kuu. Ukitoka getini kuelekea mjini, kulia kwako bahari, kushoto kwako bandari, na mbele imesimama milima iliyofunikwa na wingu. Magari yanapita kushoto kama kwetu. Teksi za abiria zina namba nyekundu, na nyingi ni Probox zilezile za Kariakoo na Kisii, zikibeba watu kwa mtindo uleule wa "sogea kidogo, bado mmoja".

Nimekuja na dada yangu, muuguzi London. Wenzake wa wodini ni Wajamaika, na ndio waliosisitiza tusiende Montego Bay. Huko kaskazini-magharibi ndiko wanakoshukia watalii wengi: wanachukuliwa uwanjani, wanapelekwa hotelini ufukweni, wanaota jua wiki nzima, kisha wanarudi kwao bila kuuona mji mkuu. Mama wa mmoja wa wenzake, mwalimu mstaafu, ametupa vyumba viwili nyumbani kwake Liguanea. Sote tunamwita Auntie. Yeye humwita dada yangu "Nurse" tu, na mimi hunitaja kama "kaka yake Nurse".

Jioni alitupeleka kutembea Emancipation Park, New Kingston, bustani ya kukumbuka uhuru wa watumwa, iliyofunguliwa mwaka 2002. Mlangoni yapo masanamu mawili makubwa ya shaba, mwanamume na mwanamke weusi, uchi wa mnyama, wameinua nyuso kutazama mbingu. Ni kazi ya Laura Facey. Yalipowekwa mwaka 2003 nchi nzima ilibishana juu ya ule uchi kuliko juu ya uhuru wenyewe. Auntie alikuwa upande wa waliochukia. "Sasa nimewazoea," alisema, lakini alipita haraka.

Saa za hapa ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa nane. Saa mbili usiku macho yalikuwa yameshafunga.

Alhamisi

Hope Road namba 56, nyumba ya Bob Marley ambayo sasa ni makumbusho. Kila mgeni huanzia hapa, nasi tukafuata mkumbo. Nyumba ya mbao ya zamani, geti lenye rangi nyekundu, njano na kijani, na uani sanamu ya Bob Marley kashika gitaa, mpira wa miguu chini yake. Ndani huruhusiwi kupiga picha. Unapita na kiongozi chumba baada ya chumba, santuri za dhahabu ukutani, mavazi ya jukwaani, ramani za ziara zake. Kiongozi wetu alikuwa na haraka, maana kundi jingine lilikuwa nyuma yetu likihema visogoni.

Sehemu iliyonishika ni ule ukuta wa nyuma wenye matundu ya risasi, ambayo yameachwa vilevile. Usiku wa tarehe 3 Desemba 1976, wiki mbili kabla ya uchaguzi, watu wenye bunduki waliingia hapa bendi ikiwa mazoezini. Rita, mkewe, alipigwa risasi kichwani akapona. Meneja wa Bob alijeruhiwa vibaya. Bob mwenyewe alipigwa kifuani na mkononi, na siku mbili baadaye akapanda jukwaani mbele ya maelfu ya watu. Habari hii nilikuwa nikiijua tangu shule ya sekondari, lakini sikuwahi kufikiri jinsi kile chumba kilivyo kidogo. Hakuna pa kukimbilia. Ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa pili.

Mchana Devon House, umbali wa kutembea. Jumba jeupe la mwaka 1881, mali ya George Stiebel, chotara aliyekwenda kuchimba dhahabu Venezuela akarudi na utajiri wa kuwashangaza wazungu wa mji. Watu husimulia kwamba mke wa gavana alichukia kupita mbele ya nyumba ya mtu mweusi yenye fahari kiasi kile, hata ikachongwa barabara nyingine ya kumzungushia. Barabara hiyo ipo mpaka leo na inaitwa Lady Musgrave Road. Ziara ya ndani ya jumba ni samani na mapazia, unaweza kuiruka. Foleni ya kweli iko uani, kwenye aiskrimu. Nilichukua yenye zabibu kavu na ramu, dada akachukua ya nazi, tukakaa chini ya mti tukitazama wanafunzi wenye sare za kaki wakichangishana sarafu wanunue koni moja.

Ijumaa

Leo Downtown. Mji wa Kingston umegawanyika: huku juu ni mabalozi, hoteli na mageti yenye walinzi, huko chini, karibu na maji, ndiko mji ulikozaliwa. Jirani alituonya tusiende. Auntie akamjibu kwamba yeye hununua chakula chake huko kila Ijumaa tangu akiwa msichana, akachukua vikapu vitatu, akatupa viwili tubebe.

Soko la Coronation ni pana, lina kelele, na lina joto la mabati. Wauzaji wengi ni wanawake wanaotoka na mizigo mashambani. Hapa ndipo dada na mimi tulipoacha kuwa watalii, kwa sababu kila tulichokiona tulikijua. Callaloo yao ni mchicha, umefungwa mafungu na mizizi yake. Magimbi yapo, viazi vikuu vipo vya rangi mbili, ndizi mbichi kwa mikungu, muhogo, ukwaju, matopetope, miwa. Pilipili wanayojivunia dunia nzima, ile ya mviringo yenye mikunjo, ni ndugu wa damu wa pilipili mbuzi. Na kwenye kona moja mzee alikuwa anachoma mashelisheli mazima juu ya makaa, ganda limekuwa jeusi ti. Sisi wa pwani tunalichemsha au kulikaanga. Wao hulichoma, hulimenya, kisha hulikata vipande kama mkate. Liliingizwa hapa mwaka 1793 na nahodha William Bligh kutoka Tahiti, ili wenye mashamba ya miwa wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Watumwa wenyewe, inasemekana, mwanzoni walilitupia nguruwe.

Tunda pekee lililotushinda ni ackee. Jekundu, linapasuka lenyewe mtini na kuonyesha mbegu tatu nyeusi zinazong'aa, kila moja imekaa juu ya nyama ya rangi ya maziwa. Auntie aliyakagua moja moja. Lisipojifungua lenyewe lina sumu inayoweza kuua, na hakuna Mjamaika anayelazimisha kulifungua. Asili yake ni Afrika Magharibi, na limesafiri kwa njia ileile waliyosafirishwa watu. Hulipika na samaki wa chumvi, ng'onda wa kutoka bahari ya baridi, na ndicho chakula cha taifa. Muuzaji aliposikia tumetoka Tanzania aliweka mikono kiunoni, akatutazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akamwambia Auntie, si sisi: "Hawa ni watu wa kwetu, mbona hukusema?" Tukapewa nyongeza kabla hatujaiomba.

Vikapu tuliviacha kwa mtu wa Auntie, tukapanda King Street hadi namba 76, Liberty Hall, iliyokuwa makao ya UNIA, chama cha Marcus Garvey, Mjamaika aliyepigania umoja wa watu weusi duniani. Ni makumbusho madogo, yametunzwa vizuri, na watoto wa mtaa huja hapo jioni kufanya kazi za shule. Garvey alianzisha chama chake mjini hapa mwaka 1914 kabla ya kwenda Marekani. Gazeti lake lilipigwa marufuku katika makoloni mengi, Afrika ikiwemo. C.L.R. James, mwanahistoria wa Trinidad, aliandika kwamba Jomo Kenyatta alimsimulia jinsi Wakenya wasiojua kusoma, mwaka 1921, walivyokuwa wakimzunguka msomaji mmoja wa gazeti hilo, wakisikiliza makala mara mbili tatu hadi waikariri, kisha wakatawanyika misituni kila mmoja na njia yake kwenda kuwasimulia wengine. Nilimsimulia kijana wa mapokezi. Aliniomba nirudie, akaandika kwenye daftari.

Garvey alifia London mwaka 1940. Mwili wake ulirudishwa mwaka 1964, ukazikwa National Heroes Park, uwanja uliokuwa wa mbio za farasi. Tulifika jua likiwa kali, kivuli haba, askari wawili wa gwaride wamesimama bila kupepesa. Humo wamo pia Norman Manley na Alexander Bustamante, binamu wawili walioongoza vyama pinzani vya siasa kwa miaka mingi, na sasa wamelazwa karibu karibu. Michael, mtoto wa Norman, waziri mkuu wa zamani na rafiki wa Mwalimu Nyerere, naye yuko hapohapo. Kuna minara ya Nanny, kiongozi wa Wamaroon (watumwa waliotorokea milimani), na ya Sam Sharpe na Paul Bogle, walioongoza maasi. Ni mahali pa kwenda asubuhi, si saa saba mchana kama sisi.

Jioni Trench Town, mtaa alioishi Bob Marley ujanani, kwa miadi na mwongozaji wa mtaani. Usiende bila mwenyeji. Culture Yard iko Lower First Street: vyumba vidogo vilivyojengwa na serikali miaka ya 1940 kuzunguka ua mmoja, jiko la pamoja, bomba la pamoja, choo cha pamoja. Uswahilini kabisa, nikifumba macho nasikia mwenye nyumba akidai kodi. Ndani kuna kitanda cha futi tatu na gitaa bovu, na nje mabaki ya gari la Volkswagen la Bob limeota kutu. Lakini mwongozaji hakutaka kumzungumzia Bob sana. Alimzungumzia Joe Higgs, aliyewakalisha vijana wa mtaa huu uani na kuwafundisha kuimba sauti kwa sauti bila malipo, wakiwemo watatu waliokuja kuwa Wailers, kundi la Bob. Kwa maoni yangu, kama utalipia kiingilio kimoja tu cha reggae Kingston, lipia hiki.

Jumamosi

Chuo Kikuu cha West Indies, Mona, hakimo kwenye orodha nyingi za watalii. Tulikwenda kwa ajili ya mtu mmoja. Walter Rodney, Mguyana, alisoma historia hapa, akafundisha Dar es Salaam, akarudi Mona mwaka 1968 kufundisha. Jioni na wikiendi alikuwa akishuka kwenye vibanda vya Downtown kukaa na Marasta na vijana wasio na kazi, akiwafundisha historia ya Afrika na kujifunza kwao. Serikali haikupenda. Tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo alipokuwa akirejea kutoka mkutanoni Kanada alizuiwa kushuka ndegeni. Kesho yake wanafunzi waliandamana kutoka chuoni hadi mjini, mji ukajiunga, magari yakachomwa. Rodney akarudi Tanzania, akakaa hadi 1974, na kitabu chake kikubwa, How Europe Underdeveloped Africa, kilichapwa Dar es Salaam mwaka 1972. Aliuawa kwa bomu Georgetown, Guyana, mwaka 1980.

Chuo chenyewe kimekalia mashamba ya zamani ya miwa. Mifereji ya mawe iliyopeleka maji kwenye viwanda vya sukari bado imesimama kati ya mabweni, na kanisa la chuo lilikuwa ghala la shambani huko Trelawny: lilibomolewa, likasafirishwa jiwe kwa jiwe, likajengwa upya hapa. Juu ya ukuta bado limo jina la mwenye shamba na mwaka 1799. Wanafunzi wanafunga ndoa humo. Dada yangu alisema yeye asingeweza.

Mchana tulipanda milimani kupitia Papine. Barabara ni kona tupu, upana wa gari moja na nusu, na dereva hupiga honi kila kona kumjulisha asiyemwona. Irish Town, kisha Craighton, shamba la kahawa linalomilikiwa na kampuni ya Kijapani ya UCC. Hapa ndipo nilipotumia saa nyingi kuliko nilivyopanga. Kahawa ya Blue Mountain ni arabika iliyoletwa kisiwani mwaka 1728, na sheria inaruhusu jina hilo kwa kahawa ya kimo na wilaya maalumu tu. Inasafirishwa kwenye mapipa ya mbao badala ya magunia, na kwa miaka mingi Wajapani ndio wamekuwa wakinunua sehemu kubwa. Mwongozaji alituchumia mbivu moja moja, akatuambia tuibonyeze: ute mtamu, kisha buni mbili zimelaliana. Nilimwambia kwamba mbegu ya Blue Mountain ilipelekwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 na inalimwa huko mpaka sasa. "Kwa bei hii?" akauliza. Si kwa bei hii. Kikombe nilichokunywa kilikuwa laini, hakina ukali wala uchachu, na kwa kweli mimi niliyezoea kahawa chungu ya vijiweni Tanga nilikiona kimepoa mno. Dada alininong'oneza nisiseme kwa sauti.

Juu zaidi ni Newcastle, kambi ya jeshi ya mwaka 1841. Askari wa Kiingereza walikuwa wakifa kwa homa ya manjano kule chini hadi Jenerali Gomm akasisitiza wahamishiwe baridini. Barabara ya umma inakatiza katikati ya uwanja wa gwaride. Unapita na gari lako huku nembo za vikosi zikikutazama ukutani. Tulikusudia kufika Holywell, ukungu ukashuka hadi kwenye boneti, dereva akageuza.

Jumapili

Baada ya ibada (Auntie hasikilizi udhuru), Port Royal, mwisho kabisa wa Palisadoes.

Leo ni kijiji cha wavuvi. Karne ya 17 ulikuwa mji tajiri na mchafu kuliko yote ya Waingereza upande huu wa dunia, makao ya maharamia walioruhusiwa kuwaibia Wahispania. Tarehe 7 Juni 1692, kabla ya adhuhuri, ardhi ilitikisika. Mji ulikuwa umejengwa juu ya mchanga wenye maji, na mchanga ule ukageuka uji: nyumba zilishuka zima zima, thuluthi mbili za mji zikaingia baharini kwa dakika chache. Watu wapatao 2,000 walikufa siku hiyo na wengine wengi kwa maradhi yaliyofuata. Wapiga mbizi walikuja kuipata chini saa ya mfukoni iliyosimama saa tano na dakika 43. Walionusurika walivuka bandari, wakaanza kujenga ng'ambo, na huo ndio ukawa Kingston. Mwaka 2025 UNESCO iliitia Port Royal kwenye orodha ya urithi wa dunia, uliozama na uliobaki.

Uani kwa kanisa la Mtakatifu Petro kuna kaburi la Lewis Galdy, Mfaransa. Jiwe linasimulia kwamba siku ile ardhi ilimmeza, mtikisiko wa pili ukamtema baharini, akaogelea hadi mashua ikamwokoa. Akaishi mpaka mwaka 1739. Nililisoma mara mbili. Auntie, aliyeliona mara nyingi, alisema kinachomshangaza si kumezwa bali ni kwamba mtu atoke huko halafu aendelee kuishi palepale. Galdy alikuja kuwa mfanyabiashara wa watumwa. Hilo jiwe halikuliandika.

Ngome ya Charles iko jirani. Nelson, yule admirali maarufu wa Uingereza baadaye, akiwa kijana wa miaka 20, aliisimamia mwaka 1779 akiwangoja Wafaransa ambao hawakuja. Nyuma yake kuna ghala la silaha lililoinamishwa na tetemeko la 1907, Giddy House. Unaingia wima, sakafu inakuvuta upande mmoja, macho yanakwambia jambo, miguu jambo jingine. Watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa wakijiangusha makusudi. Dada alitoka ameshika kichwa, na Auntie hakuingia kabisa.

Kutoka gatini tulichukua mashua hadi Lime Cay, kisiwa kidogo kisicho na wakazi, mchanga mweupe. Jumapili ndiyo siku yake, kwa maana nzuri na mbaya: nusu ya Kingston iko huko na maspika yao. Ukitaka utulivu nenda katikati ya wiki. Sisi tulitaka watu. Tulirudi Port Royal na njaa, tukaagiza samaki mwekundu mzima wa kukaanga, amefunikwa vitunguu, karoti na pilipili zilizolala kwenye siki, pamoja na bammy, mkate wa muhogo uliolowekwa tui la nazi na kukaangwa. Tulikula kwa mikono, na hakuna aliyetushangaa.

Jumatatu

Spanish Town, mji mkuu wa zamani hadi 1872, mwendo mfupi magharibi. Coaster kutoka Half Way Tree, mjini Kingston, viti vya katikati vimefunguliwa, muziki juu.

Uwanja wa kati una majengo ya Kiingereza pande zote, mazuri na yaliyochakaa. Ikulu ya gavana iliungua mwaka 1925, umebaki uso wake tu, nyuma yake nyasi. Kwenye ngazi zake ndipo liliposomwa tangazo la uhuru kamili wa watumwa tarehe 1 Agosti 1838. Na unaotazamana na uwanja huo si mnara wa watumwa bali wa Admirali George Rodney, aliyewashinda Wafaransa baharini mwaka 1782 na kuwaokolea wenye mashamba kisiwa chao. Mchongaji amemvika joho la Kirumi, miguu wazi, katikati ya joto lile. Mji mkuu ulipohamia Kingston sanamu nayo ilihamishwa. Wenyeji wakadai hadi ikarudishwa mwaka 1889.

Rodney wawili kwa siku tatu. Nilimuuliza mlinzi wa uwanja kama anamjua yule wa pili. "Wa Guyana? Yule wa vurugu za sitini na nane?" Baba yake alikuwa Downtown siku ile, akapoteza kiatu akikimbia mabomu ya machozi. Tukakaa ukutani akitusimulia mtaa kwa mtaa walikopita, na coaster mbili za kurudi Half Way Tree zikatupita tukiwa hapohapo.